Mti Ulio Chini ya Mchungwa

Somo la redio la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Wenyeji wa Muze na vijiji vyote vya bonde la Rukwa, somo la leo limewakusudia hasa ninyi. Lakini kila mwenye ua, popote alipo, atapata fungu lake.

Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno matano: mchungwa, mdanzi, mlimau, kubebesha, jicho. Wanafunzi wayasome kwa sauti, mmoja mmoja, kisha wote pamoja.

Haya, tuendelee. Somo letu ni la historia, lakini leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma historia ya mti mmoja unaopandwa uani, yaani mti wa machungwa. Huenda mtu akauliza, "Je, mti nao una historia?" Unayo, tena ndefu. Na mtu asiyeijua aweza kupoteza kazi ya miaka minne. Sikilizeni mfano.

Tuseme yuko mama mmoja, mkazi wa Muze. Amenunua mche wa mchungwa wa kubebesha. Ameupanda nyuma ya nyumba, akaumwagilia maji kila jioni, akauzungushia miiba ili mbuzi wasiule. Mwaka wa kwanza mti unakua vizuri. Mwaka wa pili matawi ya juu yananyauka kidogo kidogo, na chini, karibu na ardhi, yanatoka machipukizi mengine yenye nguvu. Mama anafurahi, anasema mti wake umefufuka. Mwaka wa nne mti unazaa. Anachuma tunda, analimenya, anamwonjesha mjukuu wake. Mtoto anakunja uso na kulitema. Tunda lile si chungwa. Ni limau, tena lile kali lenye ganda la mabonde mabonde.

Mama huyu hakudanganywa na muuzaji, wala hakurogwa na jirani. Ila alikuwa hajui jambo moja. Ule mche alioupanda ulikuwa miti miwili. Mti wa juu ulikufa, mti wa chini ukabaki.

Miti miwili katika shimo moja

Mchungwa hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupanda mbegu. Mbegu ya chungwa ikiota, mara nyingi hutoa mti unaofanana na mama yake. Lakini mti huo huchelewa. Utangoja miaka saba, minane au zaidi ndipo uone tunda, tena huwa mrefu na wenye miiba mingi.

Njia ya pili ni kubebesha. Fundi huotesha kwanza mche wa mti mwingine wa jamii hiyo hiyo, mti mgumu, kwa mfano mlimau. Shina lake likifikia unene wa penseli, fundi hulichana gamba kwa kisu kikali, mfano wa herufi T. Kisha huchukua jicho moja kutoka tawi la mchungwa mtamu, akalitia ndani ya gamba lile, akalifunga kwa utepe. Jicho likishika, hukikata kichwa cha mche wa kwanza. Tangu siku hiyo jicho hukua likawa mchungwa, na mizizi hubaki ya mlimau. Mti wa namna hiyo huzaa mapema, pengine katika mwaka wa tatu au wa nne.

Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu apitaye njiani huona machungwa yaliyoiva juu. Haoni mti wa chini, na hauulizi jina lake. Lakini mti wa chini ndio unaotafuta maji, ndio unaopambana na udongo mbaya, na mara nyingi ndio unaoamua kama mti wa juu utaishi miaka mitano au arobaini.

Maneno ya Wachina wa kale

Wachina wamewatangulia wengi katika kazi hii. Asili ya machungwa ni Asia, katika sehemu za kusini ya China, kaskazini mashariki ya India, na nchi za jirani. Huko China kuna mto uitwao Huai. Kusini ya mto huo ni nchi ya joto, na kaskazini yake ni nchi ya baridi kali. Tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Wachina walikuwa wakisema kwamba mchungwa ukipandwa kusini ya Huai huzaa machungwa, lakini ukivushwa ng'ambo ya kaskazini hugeuka, ukawa mti mwingine wenye matunda machungu. Walitumia maneno hayo kuonya kwamba hata mtu mwema akiwekwa mahali pabaya aweza kuharibika.

Huo mti mwingine ni upi? Ni ndugu wa mchungwa, mwenye majani matatu katika kikonyo kimoja, kama vidole vitatu. Kwa hiyo leo tutauita mchungwa wa majani matatu. Ni mti mfupi wenye miiba mirefu. Wakati wa baridi hupukutisha majani yake yote, jambo ambalo michungwa ya kwetu haifanyi. Tunda lake ni dogo, la manjano, lenye vinyweleo juu ya ganda, limejaa mbegu, na ni chungu hata haliliki. Lakini una sifa moja kubwa: hustahimili baridi. Penye theluji na maji yaliyoganda, ambapo mchungwa mtamu hufa, mti huu hulala tu, kisha huamka majira ya joto yakirudi.

Sasa fikirini. Je, mti waweza kugeuka ukawa mti mwingine? Hauwezi. Siku hizi wako wataalamu wanaofumbua fumbo lile hivi: huenda watu walibebesha machungwa matamu juu ya mti wa majani matatu. Walipoyapeleka kaskazini, baridi iliua mti wa juu. Mti wa chini, ulio mgumu, ukabaki na kuchipua. Mwenye shamba aliporudi aliona majani matatu na matunda machungu, akasema mti wangu umegeuka.

Mnaona, ndugu zangu? Ni jambo lile lile la mama wa Muze. Ni kosa la zaidi ya miaka 2,000, na bado linatukuta uani kwetu.

Elimu yenyewe ya kubebesha Wachina waliiandika mapema. Mwaka 1178 mtu mmoja aitwaye Han Yanzhi, aliyekuwa mtawala wa Wenzhou, aliandika kitabu kizima juu ya machungwa ya nchi yake, na ndani yake alieleza jinsi ya kuyabebesha.

Safari ya mbegu mpaka kwetu

Kutoka Asia matunda haya yalisafiri kwa majahazi. Wafanya biashara wa Bahari ya Hindi waliyaeneza Uajemi, Uarabuni na pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta, alifika Mombasa, akaandika kwamba watu wa huko walikuwa na migomba na milimau.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Mreno Vasco da Gama alitia nanga Mombasa. Mabaharia wake walikuwa wamesumbuliwa sana na kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba ufizi na kutoka damu. Sultani wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Aliyeandika habari za safari ile alisema wagonjwa wao walipona hapo kwa sababu ya hewa nzuri. Sisi leo twajua zaidi. Kiseyeye huletwa na ukosefu wa vitamini C, na machungwa na malimau yana vitamini hiyo kwa wingi. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwajaribu mabaharia 12 waliougua kiseyeye kwa dawa mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wengine wote. Kwa hiyo mchungwa wa uani si wa kuburudisha kinywa tu. Ni afya ya watoto.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi kwamba watu wa pwani waliyajua matunda haya kwa muda mrefu. Hawakuyaita yote kwa jina moja. Wana chungwa, danzi, limau, ndimu, chenza, kangaja, balungi na furungu. Danzi ni ndugu wa chungwa, sura zao zafanana, lakini danzi ni kali na chungu. Likumbukeni jina hilo, maana tutalikuta tena.

Kutoka pwani miti hii iliingia bara kwa njia za misafara. Mwaka 1871 Henry Stanley alipofika Tabora alikuta Waarabu wamekwisha kupanda michungwa, milimau, mipapai na miembe waliyoileta kutoka pwani, nayo ilikuwa imestawi vizuri. Njia za misafara hazikuishia Tabora. Zilifika Ujiji, zikapita Ufipa, zikaenda mpaka kusini ya Ziwa Tanganyika.

Sasa angalieni jambo hili. Katika safari ya miezi mingi, kwa jahazi na kwa miguu, ilikuwa rahisi kuchukua mbegu kuliko mche. Mbegu haiombi maji njiani, wala haivunjiki shingo katika mzigo. Tena mbegu ina faida nyingine ambayo watu wa zamani hawakuijua: magonjwa makubwa ya michungwa kwa kawaida hayapiti katika mbegu. Basi miti iliyozaliwa kwa mbegu ilianza maisha yake ikiwa safi.

Meli za moshi na magonjwa

Katika karne ya 19 zikaja meli za moshi. Safari za miezi zikawa za majuma. Sasa mtu aliweza kuchukua mche mzima, pamoja na udongo wake na wadudu wake, akaupeleka upande wa pili wa dunia ukiwa hai. Jambo hilo lilileta matunda mapya katika nchi nyingi, na pia lilileta msiba.

Msiba wa kwanza ulionekana katika visiwa vya Azores, nchi ya Wareno katika Bahari ya Atlantiki. Watu wa visiwa hivyo walikuwa wakiuza machungwa Uingereza. Katika miaka ya 1830 na 1840 michungwa ilianza kutoa gundi karibu na ardhi. Gamba likaoza, mti ukafa. Ugonjwa huo huletwa na kijidudu cha udongoni kinachopenda maji yaliyosimama. Baadaye ulienea katika nchi za kando ya Bahari ya Kati, kama Italia na Uhispania.

Wakulima walitafuta mti wa chini usiooza. Wakaupata: mdanzi. Walibebesha machungwa matamu juu ya mdanzi, na mashamba yakasimama tena. Mdanzi ulikuwa mgumu, uliweza udongo mzito na udongo wenye chokaa, na machungwa yake ya juu yalikuwa matamu. Watu katika nchi nyingi wakasema, tumemaliza shida. Wakapanda mamilioni ya miti, yote juu ya mdanzi.

Hapo ndipo ulipokuja msiba wa pili. Karibu na mwaka 1930 michungwa ya Argentina ilianza kufa, na mwaka 1937 ugonjwa huo ulionekana Brazil. Majani yalififia, matawi yakakauka, na mti mzima ukafa. Wabrazili waliuita ugonjwa ule kwa neno la lugha yao lenye maana ya huzuni, nalo ni tristeza. Katika miaka michache mamilioni ya miti yalikufa katika nchi hizo mbili. Watu waliokuwa na mashamba makubwa wakabaki na kuni.

Ajabu yake ilikuwa hii. Mchungwa peke yake, kwenye mizizi yake, haukufa. Mdanzi peke yake, kwenye mizizi yake, haukufa. Waliokufa ni hao wawili walipounganishwa. Mwaka 1946 mtaalamu mmoja wa Brazil, Meneghini, alionyesha kwamba ugonjwa huo huchukuliwa na vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaojikusanya kwenye machipukizi laini. Kidukari hufyonza utomvu wa mti mgonjwa, kisha huruka akafyonze mti mzima, na kumwachia virusi. Virusi hivyo vikifika pale mchungwa ulipoungana na mdanzi, huharibu njia ya chakula kinachoshuka kutoka majani. Basi mizizi hufa njaa, huku majani bado yako juani yakipika chakula.

Huko Afrika Kusini wakulima walikuwa wamekwisha kuona, tangu mwanzo wa karne ya 20, kwamba mchungwa juu ya mdanzi haudumu. Wao walishika mlimau. Mlimau haufi kwa tristeza. Hukua upesi, mizizi yake huenda mbali, nao hustahimili ukame katika udongo wa mchanga. Hata Tanzania, kama katika mashamba ya machungwa ya Muheza, mkoa wa Tanga, mlimau ndio ambao umetumika sana kuwa mti wa chini. Lakini mlimau nao una udhaifu wake. Penye maji yaliyosimama huoza shina upesi, kama michungwa ile ya Azores.

Walimu, simamisheni kidogo hapa. Waulizeni wanafunzi: mdanzi ulishinda ugonjwa gani, na ulishindwa na ugonjwa gani?

Tunda lililoshindikana likawa mzizi

Sasa turudi kwa ule mchungwa wa majani matatu. Wajapani walikwisha kuutumia zamani kama mti wa chini wa machenza yao. Marekani walikuwa wakiupanda zaidi kama uzio na pambo. Kisha katika majira ya baridi ya mwaka 1894 na 1895 jimbo la Florida lilipigwa na baridi kali mara mbili, na michungwa mingi ikafa. Mwaka 1897 wataalamu wawili wa serikali, Walter Swingle na Herbert Webber, walianza kuchanganya mchungwa mtamu na mti wa majani matatu kwa njia ya chavua. Shabaha yao ilikuwa kupata tunda tamu linalostahimili baridi.

Je, walifaulu? Hawakufaulu. Machotara waliyoyapata yalistahimili baridi kuliko machungwa, lakini matunda yake yalikuwa makali na machungu. Kama kazi ingeachwa hapo tungesema ni hasara tupu. Lakini miti ile ilitunzwa, na mingine ya namna hiyo ikafanywa. Mmoja uliojulikana sana baadaye ulipatikana kwa mchanganyo wa mwaka 1909. Miaka mingi ikapita. Tristeza ilipoingia California na kuua michungwa iliyokuwa juu ya mdanzi, watu waliyajaribu machotara yale kama miti ya chini. Hayakufa. Hayakuoza shina upesi. Tena machungwa ya juu yalikuwa mazuri. Basi miti ile isiyofaa kwa tunda ikafaa kwa mzizi, na tangu miaka ya 1950 mashamba mengi ya huko yamepandwa juu yake.

Je, mti huo wafaa Muze?

Mtu aweza kusema sasa, "Basi tumeupata mti mgumu. Tuuagize, tuupande Muze." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Historia imetuonya mara mbili tusiseme tumemaliza shida.

Mchungwa wa majani matatu ni mgumu kwa baridi, kwa tristeza na kwa kuoza shina. Lakini una adui wawili: chokaa na chumvi katika udongo. Penye udongo wa namna hiyo majani yake hugeuka manjano, na mti hudumaa pamoja na ule uliobebeshwa juu yake. Nao hauvumilii kiu sana.

Haya, tuitazame nchi yetu. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Usiku wa mwezi wa Juni na Julai watu hujifunika blanketi mbili. Ukishuka Lyamba lya Mfipa unafika bondeni, ambako Muze iko, na Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 tu juu ya bahari. Hapo ni joto. Ziwa hilo halina mto wa kutoka. Mito huleta maji na chumvi kidogo kidogo kutoka milimani. Maji hukauka juani, chumvi na magadi hubaki. Ndiyo sababu sehemu nyingine za bonde zina udongo wa magadi, na sehemu nyingine, hasa kando ya vijito vinavyoshuka kutoka Lyamba, zina udongo mzuri.

Kwa hiyo mti ulio mgumu kupita yote katika theluji ya China waweza kuwa dhaifu kupita yote katika magadi ya Rukwa. Hakuna mti mgumu wa kila mahali. Kabla ya kuuliza mti gani ni mgumu, uliza mgumu kwa kitu gani.

Tazama ua wako wakati wa kiangazi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, na mimea kuungua ncha za majani, hapo pana chumvi. Usitumie mti wa majani matatu wala machotara yake. Tafuta mahali pengine palipoinuka, au umwombe Bwana Shamba akupatie mche uliobebeshwa juu ya chenza liitwalo Cleopatra, ambalo huvumilia chumvi na chokaa kuliko wengi na haliogopi tristeza, ingawa hukua polepole. Kama udongo wako ni wa kichanga na maji hayasimami, mlimau unatosha. Kama maji husimama wakati wa masika, usiweke mlimau hapo kabla hujainua tuta.

Mwenye ua wa kule juu, Sumbawanga, mambo yake ni mengine. Huko baridi ni kubwa zaidi na magadi hayasumbui, na mti wa majani matatu ungepata nafasi zaidi. Lakini wa huko wana adui wao. Kuna ugonjwa unaoyageuza majani kuwa na mabaka ya manjano. Matunda huwa madogo, yamepinda upande, na hubaki kijani huku yakiwa machungu. Huenezwa na mdudu mdogo arukaye, ambaye katika Afrika hupenda nchi za juu zenye ubaridi. Ugonjwa huu hauzuiwi na mti wa chini wa aina yoyote. Na mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba mdudu mwingine wa jamii hiyo, kutoka Asia, anayestahimili joto, ameonekana Morogoro. Basi hata mtu wa bondeni asijisifu. Usichukue mche wala tawi kutoka mbali bila kumwonyesha Bwana Shamba. Kumbuka yaliyoletwa na meli za moshi. Leo basi moja hufanya kazi hiyo kwa siku moja.

Kazi ya uani

Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Wazee wa Kifipa hawahitaji kufundishwa habari ya kuulisha udongo. Katika vilima vyao vya intumba walifukia majani chini ya udongo yakaoza, ndipo wakapanda. Fanya vivyo hivyo: changanya udongo wa juu na samadi au majani yaliyooza vizuri.

Ukipanda mche, tafuta kovu pale jicho lilipowekwa. Kovu hilo libaki juu ya ardhi, angalau kiganja kizima. Ukilifukia, umeondoa faida ya mti wa chini, na gamba litaoza. Tandaza nyasi kuzunguka mti, lakini zisiguse shina. Mti na mti uache nafasi ya mita 6.

Kisha chungulia chini ya kovu kila mwezi. Chipukizi lolote litokalo chini ya kovu ni la mti wa chini. Likate lingali changa. Samaki mkunje angali mbichi. Kama lina majani matatu katika kikonyo kimoja, umejua mti wako wa chini ni wa majani matatu au chotara wake. Kama jani lake likifikichwa linanuka limau, umejua ni mlimau. Yule mama wa mfano wetu, kama angalijua hivyo, angalikata machipukizi yale na kuutazama mti wa juu unaumwa nini, mapema, siyo mwaka wa nne.

Na kama una nafasi ya miti mitatu, usiiweke yote juu ya mti wa chini wa aina moja. Watu wa Azores walikuwa na miti ya namna moja. Watu wa Brazil na Argentina walikuwa na miti juu ya mdanzi. Ugonjwa ulipoingia haukuchagua, ulichukua yote. Mmoja uwe juu ya mlimau, mmoja juu ya chenza, na mmoja uoteshe kwa mbegu, hata ukichelewa. Huo wa mbegu ni wa wajukuu.

Jina lililosahauliwa

Nimebakiwa na neno moja. Mche ukitoka kwa fundi, fundi anajua majina yote mawili. Ukifika kwa mchuuzi, jina la mti wa chini limekwisha kusahauliwa. Ukifika uani kwako, hubaki neno "mchungwa" tu. Hivyo ndivyo historia inavyopotea, neno moja moja, kwa kukosa mtu wa kuiandika.

Lakini ninyi sasa mnajua kuandika. Siku utakaponunua mche, muulize muuzaji, "Umebebeshwa juu ya nini?" Kama hajui, mwambie akuulizie kwa fundi, au ununue kwa mwingine. Kisha chukua kipande cha bati, uandike kwa msumari majina mawili na tarehe: juu ni nini, chini ni nini, umepandwa lini. Kitundike tawini. Miaka 20 baadaye, mjukuu atakapotaka kujua kwa nini mti wa bibi yake ulisimama wakati mingine imekufa, atasoma jibu kwa maandishi yako.

Maswali kwa darasa

1. Kwa nini Wachina wa kale walidhani mchungwa hugeuka ukivushwa mto Huai?
2. Mdanzi uliwasaidiaje wakulima, na kwa nini baadaye uliwaletea hasara?
3. Mchungwa wa majani matatu ni mgumu kwa mambo gani, na dhaifu kwa mambo gani?
4. Udongo wa ua wako ni wa namna gani? Umejuaje?
5. Kazi ya nyumbani: tafuta mti mmoja wa kubebesha, lione kovu lake, kisha andika sentensi tatu juu ya ulichokiona chini ya kovu hilo.

Walimu, someni majibu hayo darasani juma lijalo.